Je, Wajua? Chini Kuna Maji, na Kuna Mengine

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, ukaupita uwanja wa ndege, unaingia Kisongo, na hapo kijani kinaanza kupungua. Mlima Meru ni ule ule, lakini mvua yake nyingi huangukia upande wa pili, kusini-mashariki, kwenye migomba na kahawa za Tengeru na Usa River. Huku magharibi mtu akinunua kiwanja, kabla hajaamua nyumba itakuwa na vyumba vingapi, ameshaanza kuuliza maji yako mita ngapi. Swali halali kabisa. Ila wachimbaji wa visima wakikaa kupiga soga, mita hawazitaji sana. Wanasimulia nyundo iliyobaki chini, maji yaliyoonekana asubuhi yakatoweka jioni, shimo lililopuliza upepo, na maji maangavu ambayo mtoto hafai kuyanywa. Haya hapa baadhi ya mambo hayo, ya Meru kwanza, na ya kwingine pale yanapotusaidia kuielewa Meru.

Vumbi linaloacha kutoka

Meru ina urefu wa mita 4,562 na ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Zamani ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote, mawe na tope vikasambaa mbali kwenye tambarare iliyo kati yake na Kilimanjaro, na vilima vidogo vya Momella pamoja na maziwa yake vimekaa juu ya mabaki hayo. Ndiyo sababu ukiutazama mlima kutoka huko unaona kreta iliyo wazi upande mmoja. Kila mlipuko wa kabla na wa baada uliacha tabaka lake: majivu, kokoto nyepesi, lava, tope lililoganda, kisha majivu tena. Mchimbaji anapita humo kutoka juu kwenda chini, na hakuna tabaka linalomwambia unene wa linalofuata.

Mtambo unaotumika sana kwenye miamba ya namna hii ni wa nyundo na hewa. Kompresa inasukuma hewa kupitia fito za chuma, nyundo iliyo mwisho wa fito inagonga mwamba, na hewa hiyo hiyo inarudi juu imebeba vumbi la mwamba uliosagwa. Kijana mmoja amekaa na sepetu. Kila baada ya mita kadhaa anakinga vumbi, analimwaga pembeni kwenye vichuguu vidogo vilivyopangwa mstari: kijivu, kijivu, nyeusi, nyeusi, nyekundu ya tofali, kijivu tena. Ile nyekundu ni udongo wa kale uliounguzwa na lava iliyopita juu yake, na fundi akiiona hukaa sawa, maana kwenye mipaka kati ya lava ya chini na ya juu ndipo maji hupendelea kujificha.

Halafu vumbi linakoma. Kompresa inanguruma, fito zinazunguka, nyundo inagonga, lakini juu hakutoki kitu. Nyundo imeingia kwenye ufa au uwazi ndani ya lava, na hewa yote inapotelea pembeni. Mwenye kiwanja anadhani mtambo umeharibika. Fundi anajua kuna baya zaidi: mwamba unaendelea kusagwa, unga wake haupandi, unarundikana juu ya nyundo na kuibana. Akichelewa kuzipandisha fito anaweza asizipandishe tena. Hapo watamwaga povu maalumu ili hewa kidogo iliyobaki iweze kubeba uchafu, au watashusha bomba la chuma, ambalo wenyewe wanaliita kesingi, kuuziba ufa kabla ya kuendelea.

Majivu yana tabia nyingine. Hayapotezi hewa, yanabomoka. Unatoboa mita 10, ukipandisha fito kuongeza nyingine unakuta mita kadhaa zimejifukia. Mawe makubwa yaliyobebwa na tope la zamani nayo yana yake: nyundo ikigonga ukingo wa jiwe inateleza, shimo linapinda kidogo bila mtu kujua, na kupinda huko hugundulika siku pampu inapokataa kushuka.

"Fundi, maji bado?" mama mwenye kiwanja atauliza kwa mara ya sita.

"Bado, mama. Tuko kwenye jivu."

Jibu hilo ni la kitaalamu kuliko linavyosikika.

Kuchimba hadi kuyapoteza maji uliyokwisha kuyapata

Katika nchi ya volkano maji huweza kukaa ghorofani. Mvua inapenya kwenye lava yenye nyufa, inafika kwenye tabaka la udongo mfinyanzi au majivu yaliyoshikana, inakwama hapo na kutengeneza hifadhi ndogo iliyoning'inia, huku chini yake kukiwa na mwamba mkavu wa makumi ya mita. Nyundo ikifika hapo maji yanatoka, watu wanapiga makofi, na mwenye kisima, ambaye ameambiwa kuwa kirefu ndiyo kizuri, anaamuru waendelee. Wanatoboa lile tabaka la chini. Beseni limetobolewa kitako: maji yanashuka kwenye mwamba mkavu, na kufikia jioni shimo lililokuwa na maji halina.

Mara nyingine linaweza kuokolewa kwa kuliziba kwa saruji au udongo wa bentonaiti kutoka chini kwenda juu. Mara nyingine jirani mwenye kisima kifupi ndiye anayeanza kuona ndoo yake inagusa tope.

Pwani na visiwani mtego ni wa aina nyingine. Unguja na kwenye fukwe za bara, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba kwa sababu ni mepesi zaidi, na hesabu yake wataalamu wa Ulaya waliiandika zaidi ya miaka 100 iliyopita: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inafanya kazi kinyumenyume pia. Pampu ikishusha maji kwa mita 1, chumvi inaweza kupanda kuelekea mita 40. Hoteli inayochimba zaidi ili ipate maji zaidi inayafuata ya bahari.

Meno ya Bauxite na meno ya Maji ya Chai

Mwaka 1909 mji mdogo wa Bauxite, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, uliachana na visima vyake vifupi ukachimba kirefu. Maji yalikuwa safi na kila mtu aliridhika. Miaka ikapita, ikaonekana kwamba watoto waliokulia kwenye maji hayo wanaota meno yenye madoa ya kahawia, ilhali ndugu zao wakubwa, waliokuwa wameshamaliza kuota meno kabla ya kisima kipya, wana meno meupe. Daktari wa meno Frederick McKay alikuwa anahangaika na madoa kama hayo kule Colorado tangu 1901 bila kupata sababu. Jibu lilikuja mwaka 1931, na halikutoka hospitali. H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya alumini iliyokuwa na mgodi Bauxite, aliyapima maji yale kwa sababu kampuni iliogopa lawama zingeangukia sufuria zake. Alikuta floraidi miligramu 13.7 katika kila lita.

Msomaji wa Arusha hahitaji kuonyeshwa picha. Meno ya rangi hiyo yapo kwenye madarasa, sokoni na ndani ya daladala, na mtu wa ukanda huu akienda Dar es Salaam huulizwa anakotoka kabla hajasema. Chanzo ni mlima wenyewe. Lava na majivu ya Meru ni ya aina yenye sodiamu na floraidi nyingi, na yana kalisi kidogo. Kalisi ingekuwa nyingi ingeikamata floraidi na kuigandisha kuwa jiwe. Ikikosekana, floraidi inabaki imeyeyuka ndani ya maji. Ndiyo maana maji yenye floraidi nyingi huku mara nyingi ni maji laini, yanayotoa povu la sabuni upesi, na mama wa nyumbani anayasifu kwa kufulia. Hayana harufu. Hayana rangi. Yakiwa kwenye glasi yanashinda ya mto uliochafuka.

Mto Maji ya Chai, mashariki ya jiji, umejulikana kwa floraidi kwa miongo mingi, na kwenye maziwa ya Momella vimepimwa viwango vya mamia ya miligramu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5. Tanzania, kwa kuwa ingelazimika kufunga vyanzo vingi na kuwaacha watu bila maji, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8, baadaye ikashuka hadi 4, na sasa kiwango chake ni kile kile cha 1.5. Maana yake ni kwamba kuna visima vilivyokuwa halali kwenye karatasi siku vilipozinduliwa na leo si halali, na maji yake hayajabadilika hata tone.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba visima viwili jirani vinaweza kutofautiana sana. Kimoja kimekula maji kwenye lava, kingine kwenye majivu. Kimoja kinapata maji yaliyoshuka mlimani haraka, kingine yaliyokaa chini yakiulamba mwamba kwa karne. Kwa kawaida chemchemi za juu mlimani zina floraidi kidogo, na kadiri maji yanavyoshuka na kuchelewa ndivyo yanavyozidi kubeba. Kwa hiyo "cha jirani ni kizuri" ni habari njema kwa jirani tu. Hata kile kifaa cha sevea wa maji, kinachopitisha umeme ardhini kutafuta tabaka lenye unyevu, hakionji. Kinaweza kukuambia penye maji, na wakati mwingine kikayachanganya na udongo mfinyanzi, lakini floraidi hakiioni.

Kuchemsha hakusaidii, kunadhuru: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki pale pale. Na kuna magadi. Maharage ya Arusha bila magadi yanachukua kuni nyingi, lakini magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa nayo huwa na floraidi, kwa hiyo familia yenye maji mazuri inaweza kujiongezea jikoni kile ambacho kisima chao hakikuwapa.

Madoa ya meno hutokea utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, takriban hadi umri wa miaka minane. Mtu mzima akihamia Kisongo meno yake hayageuki, naye hudhani yuko salama. Mifupa haina kikomo hicho. Floraidi nyingi ikiendelea kuingia miaka nenda rudi hujikusanya mifupani, viungo vinakakamaa, na kwa watoto wa maeneo yaliyozidiwa miguu hupinda. Hili la mifupa ndilo lililostahili kuzungumzwa zaidi kuliko rangi ya tabasamu, na halizungumzwi.

Dawa inayojulikana zaidi huku imetoka machinjioni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwenye tanuri kwa kiasi cha hewa kilichodhibitiwa, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo au tangi, na maji yakipita humo floraidi inanaswa. Mfupa ukichomwa vibaya maji yanatoka na harufu ambayo hakuna anayeisahau. Ukichomwa sawa, maji hayana ladha yoyote; ila baada ya muda mkaa hushiba na kuacha kunasa, na ladha haikuambii kwamba umeshiba. Kule Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alibuni chujio linalounganisha mchanga na vifaa vya nano, likarekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza.

Kwa jiji zima njia iliyochaguliwa ni kwenda kutafuta mbali. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa shilingi bilioni 520 na uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulichimba visima virefu hadi nje ya mipaka ya jiji, kuelekea wilaya ya Hai, ambako maji yanapata baraka za Kilimanjaro.

Sigara ya Mali

Mwaka 1987, katika kijiji cha Bourakébougou nchini Mali, wachimbaji walifika mita 108 bila kupata maji. Shimo likawa linatoa upepo. Mmoja wao akachungulia akiwa na sigara mdomoni, ukatokea mlipuko, akaungua. Shimo likazibwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye kampuni ya mfanyabiashara wa Mali, Aliou Diallo, ililifungua tena na kupima: takriban asilimia 98 ya gesi ile ilikuwa haidrojeni. Ikaunganishwa na jenereta, na kijiji kilichokosa maji kikapata umeme. Leo wanaotafuta haidrojeni ya asili duniani kote huanza masimulizi yao na shimo lile la maji lililoshindikana.

Kwetu Afrika Mashariki gesi ya kawaida ya volkano ni hewa ya ukaa, na yenyewe haiwaki, inazima. Rungwe, mkoani Mbeya, inatoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba inavunwa na kuuzwa viwandani. Kenya nayo huvunwa Kereita, kwenye miinuko ya Lari. Soda uliyokunywa jana huenda ilipata mapovu yake kwenye shimo la aina hiyo. Mjini Goma na vitongoji vyake, kati ya Nyiragongo na Ziwa Kivu, hewa hiyo hiyo hutuama mabondeni na mashimoni bila rangi wala harufu. Wenyeji huiita mazuku, na huua mbuzi, mbwa na watu wanaoingia bila kujua.

Kisima kinachochimbwa kwa mikono hakihitaji volkano ili kuwa mtego. Hewa nzito hutuama chini, oksijeni hutumiwa na udongo na mizizi inayooza, na mchimbaji anayeshuka asubuhi kwenye shimo lililolala usiku mzima anaweza kuzimia kabla hajafika chini. Kinachofuata kinajulikana na kila kikosi cha zimamoto: ndugu yake anaruka kumwokoa, naye anabaki humo humo, halafu wa tatu. Wazee hushusha kandili au mshumaa kwanza. Ukizimika, hakuna kushuka. Ni kipimo kizuri kwa hewa iliyokosa oksijeni, na ni kipimo kibaya sana kama shimo lina gesi inayowaka, kama yule wa Mali alivyogundua. Hakigundui kabisa moshi wa injini. Kushusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kukausha maji huku mtu yuko chini kumeua watu waliokuwa wamechukua kila tahadhari nyingine.

Kwa ufupi, kutoka huku na kule

Kuna visima vinavyopumua. Pale ambapo juu ya maji kuna mwamba mnene mkavu wenye nyufa, hewa huingia na kutoka kwa kufuata mgandamizo wa hewa ya nje. Karibu na ikweta mgandamizo huo hufika kileleni karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku na kushuka hadi saa kumi alfajiri. Mdomo wa shimo unaweza kuvuta kipande cha karatasi asubuhi na kukipuliza alasiri.

Magharibi ya Ziwa Baringo, Kenya, waliokuwa wakitafuta maji ya kunywa mwaka 2004 walipata maji ya moto yaliyojirusha yenyewe, na wataalamu wa jotoardhi wakaenda kutazama. Na kwenye chemchemi za Eyasi na Balangida, kusini-magharibi mwa Kisongo, mapovu yanayopanda yana heliamu, gesi ambayo mwaka 2016 iliipeleka Rukwa kwenye vichwa vya habari vya dunia.

Wakulima waliokuwa wanachimba kisima karibu na Xi'an nchini China mwezi Machi 1974 walikutana na kichwa cha udongo wa kufinyanga. Lilikuwa jeshi la maelfu ya askari wa udongo waliozikwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang. Kisima chenyewe hakikukamilika.

Kule Woodingdean, karibu na Brighton, Uingereza, kisima cha mita 390 kilichimbwa kwa mikono kwa miaka minne. Mwezi Machi 1862 maji yalipovunja sakafu yalipanda kwa kasi hivi kwamba waliokuwa chini walipanda ngazi kwa kukimbia, wakaacha zana zao huko huko.

Mji wa Staufen, Ujerumani, ulichimba mashimo saba ya mita 140 mwaka 2007 kwa ajili ya kupasha joto ukumbi wa mji. Maji yakafika kwenye tabaka la madini yanayogeuka kuwa jasi na kuvimba yakilowa. Ardhi ikaanza kuinuka, na nyumba zaidi ya 200 zikapasuka kuta. Hakuna kinachoonyesha kwamba Kisongo ina tabaka la namna hiyo, lakini mchimbaji anayekataa kuacha shimo wazi bila kuziba pembeni mwa kesingi anajua kwa nini.

Visima na mapango ya Somalia yana samaki asiye na macho, *Phreatichthys andruzzii*, aliyeishi gizani kwa muda mrefu kiasi kwamba saa ya mwili wake, walipoipima mwaka 2011, ilizunguka kwa takriban saa 47 badala ya 24, wala haikujali mwanga.

Septemba 2013 UNESCO na serikali ya Kenya walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya Turkana, iliyoonekana kwanza kwa satelaiti na kuthibitishwa kwa kuchimba. Kati ya hifadhi hizo za chini, ya Lotikipi ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Vipimo vilivyofuata vilionyesha maji yake yana chumvi nyingi mno kunyweka bila kusafishwa. Vigelegele vilipigwa kwenye magazeti ya dunia nzima. Habari ya chumvi ilichapishwa kurasa za ndani.

Maji yenye umri

Watafiti walipopima kaboni iliyomo kwenye maji ya visima virefu vya Arusha, waliona mengine yaliingia ardhini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mvua ya msimu huu haijafika huko. Anayeyavuta anatumia akiba iliyowekwa na mvua ambazo hakuna ukoo unaozikumbuka.

Tanzania ina moja ya kumbukumbu ndefu zaidi za maji ya ardhini katika ukanda wa joto, na iko Makutupora, nje kidogo ya Dodoma, ambako kina cha maji kimeandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona kwenye miaka 55 ya takwimu hizo: misimu ya kawaida haiongezi karibu chochote. Maji yanashuka mwaka baada ya mwaka, kisha inakuja mvua moja kubwa isiyo ya kawaida, na kisima kinajazwa upya. Ongezeko kubwa kuliko yote lilikuwa la El Niño ya 1997 na 1998, mvua ile ile tunayoikumbuka kwa madaraja yaliyobebwa na barabara zilizokatika.

Shimo kavu lina bili

Mkataba wa kuchimba kwa kawaida huhesabu mita. Kama maji hayakupatikana, mita zimechimbwa. Kama nyundo imenasa kwa sababu ya majivu, swali la nani anailipia lilipaswa kuulizwa kabla kompresa haijawashwa. Kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde husika: kwa Arusha ni Bonde la Pangani lenye makao Moshi, na ukivuka kuelekea nyanda za Manyara unaingia Bonde la Kati, la Singida. Kabla ya kulipia pampu, lipia kwanza kipimo cha maabara chenye floraidi ndani yake, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakiigusi. Na jaribio la kusukuma maji mfululizo, saa nyingi, sio zile dakika 20 za kupiga picha.

Shimo lililoshindikana lina upana wa sentimita 15 hadi 20 au zaidi, na likiachwa wazi mtoto anaingia. Februari 2022 dunia nzima ilifuatilia kwa siku tano juhudi za kumtoa mtoto wa miaka mitano aliyetumbukia kwenye kisima kikavu cha mita 32 kaskazini mwa Morocco. Walimfikia akiwa amefariki. Kipande cha bati nene kilichochomelewa juu ya kesingi kinagharimu sehemu ndogo ya bei ya mita moja ya kuchimba.

Na kama kisima kimefaulu, kuna karatasi ambayo wenye visima wengi hawaidai na wachimbaji wachache huitoa bila kuombwa: rekodi ya vile vichuguu vya vumbi, mita kwa mita, kina cha maji, mahali yalipowekwa mabomba yenye matundu, na kina ilipokaa pampu. Fundi wa pampu atakayeitwa miaka kumi baadaye huanza kwa kuiulizia. Asipoipata anafunga jiwe kwenye kamba, analishusha taratibu huku akihesabu mafundo, na muda huo anauandika kwenye bili.